Kitufe cha Tatu

Katika kazi yake yote ya upelelezi, Inspekta hakuwahi kudhani kwamba siku moja angeuchukia usafi. Alikuwa amekwisha kuchukia uongo, uvivu, mawakili na chai ya kituoni, lakini usafi alikuwa hana ugomvi nao. Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa kituo, suruali imejaa vumbi, akitafuta uchafu kwenye gari la watu, na uchafu haupatikani.

Gari lilikuwa jeusi, refu, la kifahari kuliko jengo zima la polisi lililolitazama. Inspekta alichungulia chini ya bampa, akapitisha kidole kwenye rimu, akabandua mpira wa mlango kwa ukucha. Hakukuta tope, wala jani, wala mdudu aliyekufia kwenye nembo ya mbele. Ndani, viti vya ngozi ya rangi ya maziwa vilinukia nta, na zulia lilikuwa limechanwa kwa brashi kama nywele za bibi harusi. Alipoinuka, kitu pekee alichokiona mlangoni ni uso wake mwenyewe, mnene, umenuna, ukimwangalia kana kwamba yeye ndiye mshukiwa.

Akakitua kikombe chake cha chai juu ya boneti, kwa makusudi.

"Mkuu, utalitoboa kwa macho," alisema Sajini akija kutoka ofisini. Sajini alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi, na kituo kizima yeye peke yake ndiye aliyethubutu kumtania Inspekta usoni. Wengine walimwita Kisirani, naye akiwa ameshapita.

"Maabara wamesemaje?"

"Wamesema wanampa hongera aliyeliosha."

"Sajini."

"Hakuna kitu, mkuu. Damu hakuna, alama za vidole hakuna, hata unywele mmoja. Wamesema hawajawahi kupokea gari safi namna hii, hata jipya."

Inspekta alitukana kimoyomoyo. Kesi ilikuwa hivi: mlinzi mmoja wa maghala, mtu mzima anayekaribia kustaafu, alikuwa akirudi nyumbani alfajiri ya mvua akagongwa kwenye kona. Gari halikusimama. Mlinzi alifia hospitali bila kusema neno. Kwenye tope la pale konani Sajini alizoa vipande vya kioo cha taa ndogo, ile inayokaa chini ya bampa, na vipande hivyo ni vya magari ya aina hii, ambayo mjini yapo ya kuhesabu. Hili la Tajiri ndilo lililokutwa na taa ya kushoto mpya kabisa, huku ya kulia ikiwa na umri wake. Dereva wa Tajiri hakungoja kuulizwa mara mbili. Alinyoosha mikono akasema, nilikuwa mimi, nifungeni.

Kila mtu aliridhika isipokuwa Inspekta. Mtu anayekiri haraka vile alimkera kuliko anayekana, na huyu alikuwa na kasoro moja kubwa ndani ya maelezo yake. Isitoshe, Inspekta alikuwa ameshampata mtu wake kichwani. Siku ile Tajiri na mkewe walikuwa safarini, wakateremka kwenye ndege alasiri. Katika jumba lote alikuwa amebaki kijana wao, mwenye sifa mbili tu mjini: urefu wake na mwendo wake wa kasi. Inspekta alijua jinsi mambo yanavyokwenda katika nyumba za namna ile. Mtoto anavunja, mfanyakazi anaokota vipande.

"Halafu kuna jingine," alisema Sajini, sasa bila utani. "Hati ya mahakama imekuja. Tajiri anachukua gari lake adhuhuri. Na dereva anapanda kizimbani kesho. Akikiri mbele ya hakimu, imekwisha."

"Nimesikia."

"Nilitaka uniambie tunafanya nini."

Inspekta alichukua kikombe chake, kikaacha duara la chai juu ya rangi nyeusi, akaelekea ndani.

Barazani alikutana na mke wa dereva, kama alivyokutana naye kila siku tangu mumewe awekwe ndani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amekaa kwenye benchi la wageni huku amepakata bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Benchi lile lilichongwa na fundi aliyedhani wanaokuja polisi wote ni majitu, kwa hiyo miguu ya mama yule haikufika chini. Ilining'inia kama ya mtoto wa chekechea, kandambili zikimponyoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeshamwona?"

"Wamenirudishia chakula. Hali. Bakuli linarudi kama lilivyokwenda."

"Na mtoto anaendeleaje?" Inspekta aliuliza kwa adabu tu, miguu ikiwa imeshaanza kuondoka.

"Hajambo, ndiyo kwanza katoka hospitali. Shemeji yangu naye yuko kitandani hajiwezi, baba watoto yuko humu ndani. Mimi sijui nimshike nani nimwache nani."

Inspekta alisimama. Hakuwa mtu wa huruma za haraka, lakini huyu mama hakulia, hakupiga magoti, hakumshika mtu shati. Alikuja, akakaa, akasema neno lake moja, akaondoka jioni. Hilo lilimwingia Inspekta kuliko vilio.

"Mumeo ni dereva mzuri?"

"Baba watoto hajawahi kumgonga hata kuku. Na gari lenyewe ni lile, unalitazama boneti mpaka unachoka, hujui mbele linaishia wapi. Yeye analiendesha kama aliyepakia mayai." Alimkazia macho. "Mume wangu hajamgonga mtu, Inspekta."

Ndilo neno lake la kila siku.

"Basi niambie nani aliyegonga."

Mama alitazama bakuli lake. "Mimi nakwambia tu kwamba siye yeye."

"Unamwogopa Tajiri. Mnakaa kwenye nyumba yake ya uani, ukisema neno unatupiwa vyombo nje. Si ndiyo?"

"Naogopa mengi, baba."

Inspekta alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni, hasira dhidi ya jumba, ukuta wake, na kijana mrefu aliyelala ndani ya kiyoyozi wakati mke wa mtu ananing'iniza miguu kwenye benchi la polisi. Akafanya jambo ambalo humkataza kila askari mpya kulifanya. Akaahidi.

"Kesho mumeo atalala kwake. Nimesema mimi."

Mama yule hakumshukuru. Alilikaza fundo la kitambaa juu ya bakuli lake.

Dereva aliingia chumba cha mahojiano akiwa ameinamisha kichwa asigonge kizingiti. Hawakumwita Mlingoti bure. Alipokaa, magoti yake yaliiinua meza, akaomba radhi, akayaweka pembeni.

"Tuanze tena," alisema Inspekta.

"Nimeshaeleza yote, afande."

"Mimi ni mzito wa kuelewa. Alfajiri ile ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kujaza mafuta. Mzee alikuwa anarudi siku hiyo, nikataka gari liwe tayari."

"Mvua inanyesha."

"Inanyesha."

"Ukamwona mlinzi."

"Nilimwona nimechelewa. Alikuwa anavuka barabara."

"Anavukaje?"

"Kwa miguu, afande. Amejifunika koti, anatembea taratibu."

"Mkononi alikuwa na nini?"

Macho ya Mlingoti yalikwenda ukutani, yakatafuta kitu pale, yakarudi. "Tochi," alisema. "Nadhani tochi."

Inspekta na Sajini hawakuangaliana, maana walishazoea. Nyuma ya chumba kile, stoo, palikuwa na baiskeli ya marehemu, gurudumu la mbele limekunjika kama sahani iliyokanyagwa. Waliiondoa konani kabla hakujapambazuka vizuri, na hawakumwambia mtu. Hata mjini ilivuma kwamba mzee wa watu aligongwa akienda kwa miguu. Waliojua habari za baiskeli walikuwa wawili hapa kituoni, na wa tatu ni yule aliyeigonga.

"Gari lile boneti lake ni refu," alisema Inspekta. "Labda ndilo lililokuzuia kuona. Hilo nalo ni la kujitetea, useme."

Alikuwa anamtupia kamba, lakini Mlingoti hakuishika. "Hapana, afande. Mimi naona mpaka ncha ya bampa. Kosa ni langu."

"Tajiri kakuahidi nini?"

"Hajaniahidi kitu. Hata hatuongei."

"Mwanawe je?"

"Kijana hayumo, afande." Kwa mara ya kwanza alionekana kuudhika. "Mwacheni mtoto wa watu."

"Nani yumo?"

"Mimi."

"Usiku ule ulilala wapi?"

"Kwangu. Ningelala wapi?"

Inspekta alipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika, Mlingoti akatoa kitambaa chake mfukoni akaanza kuifuta. Aliifuta kwa duara ndogondogo, kama wanavyofuta watu waliozoea magari ya thamani. Inspekta alitoka nje akaubamiza mlango.

"Anakufa kikondoo," alimwambia Sajini kwenye ukumbi. "Anakufa kikondoo na mimi namwangalia. Lete funguo za gari letu. Twende kwa huyo mwosha magari."

Mwosha magari hakupenda kuitwa hivyo. Alijiita mtaalamu wa kung'arisha, na wateja wake walimwita Kioo. Karakana yake ilikuwa na sakafu ya vigae vyeupe na taa nyingi kama chumba cha upasuaji, naye alivaa glavu. Gari la polisi lilipoingia likikohoa, alitoka, akalitazama kwa huzuni ya kweli.

"Hilo siwezi kuligusa, mzee. Nikitoa tope litaanguka."

"Sikuja kuoshewa. Nieleze tena siku ile ya gari la Tajiri."

"Nilishawaeleza vijana wako."

"Nieleze mimi."

Kioo alivuta pumzi, akaanza, na alipoanza hakukatika. Gari la Tajiri halipangi foleni na magari mengine, analifuata yeye nyumbani na mashine zake. Kwa kawaida ni mwisho wa wiki, ila siku ile Mlingoti alimpigia simu asubuhi akamwomba aje mbio, mzee anarudi. Alilikuta bandani, limelowa, tope hadi madirishani. Kulitoa nje alilitoa mwenyewe, maana Mlingoti alisimama mbali kashika kiuno kama mtu aliyetoka kuumwa. Kwanza alipiga maji ya presha chini na kwenye matairi. Halafu povu, lilegeze uchafu. Halafu sponji laini, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, maana mwenye ndoo moja anaikwaruza rangi halafu anamsingizia jua. Halafu ule udongo laini wa kuvuta chembe zilizonasa kwenye rangi. Halafu polishi, halafu nta, mikono miwili ya nta. Ndani alifyonza vumbi, akasugua ngozi kwa mafuta yake, akafuta kila kitufe kwa kijiti chenye pamba.

"Kila kitufe," alirudia Inspekta kwa uchungu.

"Mzee, mimi sifanyi kazi nusu."

"Damu je?"

"Niliona tope. Kama kulikuwa na kingine, kilikwenda na maji kabla sijakijua."

"Na taa?"

"Ya kushoto ilikuwa imevunjika. Mlingoti kasema jiwe, nami nikaamini jiwe. Nikamtafutia nyingine nikaifunga."

"Mwana wa Tajiri ulimwona?"

"Alikuwa amelala. Mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma."

"Ulimwona amelala?"

"Mzee, mimi naosha magari, sioshi vijana."

Sajini aligeuka akakohoa. Inspekta hakucheka. Aliuliza kama kijana hakutoka hata mara moja kuja kuangalia, kama hakuonekana na wasiwasi, kama Mlingoti hakulitaja jina lake. Hapana, hapana, hapana. Aliuliza tena kwa namna nyingine na akapata hapana zilezile. Ilikuwa kama kutwanga maji. Mtu huyu alikuwa ameufuta ushahidi wote wa mauaji kwa kijiti chenye pamba, na sasa alisimama mbele yake akisubiri kusifiwa.

"Twende zetu," alisema Inspekta.

Walikuwa wameshafika kwenye gari Kioo alipowafuata, glavu mkononi. "Samahani, mzee. Nasikia Tajiri analichukua leo. Vijana wako wamesogeza viti?"

"Tumesogeza, tumevipindua, tumevichungulia chini. Tulikuwa tunatafuta ushahidi, hatukuwa tunapunga upepo."

Kioo alishika kichwa. "Basi mwambieni abonyeze namba moja mwenyewe, asije akanipigia simu mimi. Yule mzee ana mgongo. Kiti kikisogea upana wa kidole tu, anajua. Alishawahi kunifukuza kwa ajili hiyo, nikahangaika mpaka akanirudisha. Tangu siku ile sina mchezo na viti."

"Huna mchezo vipi?" aliuliza Sajini.

"Gari lile lina vitufe vitatu mlangoni. Kiti kinakumbuka kinavyokaliwa, na vioo vya pembeni pia. Cha kwanza ni cha Tajiri. Cha pili ni cha Mlingoti. Cha tatu hakina mwenyewe, basi hicho nimekifanya changu. Kabla sijakalia kiti cha mteja, nakihifadhi kwenye cha tatu kama nilivyokikuta. Halafu nakisukuma nyuma, nafanya kazi yangu. Nikimaliza nabonyeza cha tatu, kinarudi vilevile kama alivyokiacha wa mwisho. Mteja hajui kama nimekaa."

Inspekta alikuwa ameshafungua mlango wa gari lake. Mkono wake ulibaki pale pale.

"Na siku ile ulifanya hivyo?"

"Siku zote, mzee."

"Kiti ulikikutaje?"

"Nitakumbuka wapi? Nikifungua mlango mimi macho yangu yako kwenye ngozi na zulia. Nilikihifadhi, nikakisukuma, basi."

"Tangu siku ile umeligusa tena?"

"Si mko nalo nyinyi?"

Njiani Sajini aliendesha na Inspekta akaongea, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kama Mlingoti ndiye aliyeliendesha, alisema, cha tatu kitalingana na cha pili, nami nitavua kofia, nitamwomba radhi Tajiri. Lakini hakitalingana. Kijana yule naye ni mrefu, ila vijana wana mtindo wao, wanalaza kiti nyuma kama wanataka kulala, mkono mmoja juu ya usukani. Kiti kikilala tu, Sajini, kikilala tu, ninaye.

"Na wakishalichukua?"

"Kanyaga mafuta."

Walimkuta Tajiri uani, mzee mnadhifu mwenye fimbo, ameinama juu ya boneti. Kijana wake alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa dereva, funguo mkononi. Hati ilikuwa imeshatiwa sahihi.

"Nani kaweka kikombe juu ya gari langu?" aliuliza Tajiri. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Hii ni chai. Hii itaingia kwenye rangi."

"Ni mimi," alisema Inspekta akihema. "Kijana, sogea hapo. Nipe funguo."

"Gari ni letu, hati tumepewa," alisema kijana.

"Mtaliondoa sasa hivi. Kwanza nakaa mimi."

Sajini hakungoja mabishano. Alizichukua funguo kutoka mkononi mwa kijana kwa utaratibu, kama dada anayemnyang'anya mdogo wake peremende, akampa mkubwa wake. Inspekta aliingia, akawasha, akatafuta vitufe mlangoni.

Alibonyeza cha kwanza. Kiti kilinung'unika kidogo, kikanyooka, kikamsukuma kiunoni.

"Hicho changu," alisema Tajiri. "Usikiharibu."

Alibonyeza cha pili. Kiti kilirudi nyuma, kikashuka, kikaendelea kurudi mpaka nyayo za Inspekta zikaachana na pedali. Kijana alitabasamu bila kutaka. "Huyo Mlingoti," alisema. Mkono wake uliokuwa juu ya mlango haukutetemeka hata kidogo, na Inspekta aliliona hilo, na hakulipenda.

Alibonyeza cha tatu.

Kiti kilianza kwenda mbele. Inspekta alingoja kilale. Hakikulala. Kilikwenda mbele, kikapita alipokaa Mlingoti, kikapita alipokaa Tajiri, kikaendelea taratibu bila haraka yoyote, huku kikipanda juu. Usukani ulimfikia tumboni, akavuta pumzi ndani. Magoti yake yaligota chini ya dashibodi. Nje, vioo vya pembeni viliinama vyenyewe, vikatazama chini.

Kiti kikasimama.

"Toka, mkuu, kitakubana," alisema Sajini. Hakuwa akicheka.

"Nani kakichezea kiti changu?" aliuliza Tajiri. "Hapo hawezi kukaa mtu mzima. Hapo ni pa mtoto."

Inspekta alimtazama kijana wa Tajiri, ambaye kifua chake kilikuwa juu ya paa la gari. Mtu wake alikuwa amemponyoka. Siku zote hizi za kuzunguka, kufoka, kupiga meza na kuchukia ukuta wa watu, na kijana kweli alikuwa amelala. Alijiona mjinga, na ujinga huo ulimchoma kuliko usukani. Tajiri ni wa kimo cha kawaida na alikuwa safarini, mkewe vilevile. Nani katika nyumba ile anakaa namna hii?

Akainamisha kichwa polepole, mpaka macho yake yakawa pale ambapo yangekuwa macho ya mtu wa kiti kile. Mbele yake boneti lilitandaa, jeusi, refu, linang'aa. Hakuuona mwisho wake.

Hujui mbele linaishia wapi.

Ng'ambo ya boneti palikuwa na baraza, na barazani palikuwa na benchi, na kwenye benchi miguu miwili iliyokuwa haigusi chini. Mke wa Mlingoti alikuwa amekitazama kiti tangu kilipoanza kwenda. Alijua kinakokwenda kabla hakijafika. Sasa alijishusha kutoka kwenye benchi, akavaa kandambili zake vizuri, akaliweka bakuli pembeni asije akalipiga mtu teke, akavuka ua. Alisimama upande wa kushoto wa gari, karibu na taa mpya.

Tajiri alitaka kusema neno. Sajini alimshika mkono akanyamaza.

"Kila siku nilikwambia, baba," alisema mama yule kupitia dirishani. "Mume wangu hajamgonga mtu."

"Uliniambia."

"Sikukudanganya."

"Hukunidanganya, mama."

"Baba watoto alikuwa amelala kwa kaka yake, anamuuguza. Mtoto akapandwa na homa alfajiri, akakakamaa, macho yakageuka. Nikamwita nani? Kijana nilimgongea mlango, hakusikia." Hakumtazama kijana aliposema hivyo, lakini kijana aliushusha mkono wake mlangoni. "Funguo zinakaa kwetu. Alishanifundisha kulisogeza humohumo uani, kulitoa juani. Barabarani sikuwahi. Nikamlaza mtoto kiti cha nyuma nikaondoka."

"Usiseme zaidi mpaka upate mtu wa kukutetea," alisema Inspekta. Sauti ilimtoka nyembamba, kwa sababu ya usukani, au kwa sababu nyingine.

"Nimechoka kunyamaza. Yeye ndiye aliyeninyamazisha. Alisema mtoto anamhitaji mama kuliko anavyomhitaji baba, na kwamba yeye atamaliza kila kitu. Hakutaka hata nimsimulie ilivyokuwa." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, mara moja tu. "Nilimwona yule mzee, Inspekta. Asikwambie mtu kwamba sikumwona. Nilimwona, na nikamsikia mtoto nyuma anakoroma. Sikusimama. Niliporudi walikuwa wameshamchukua."

Inspekta alijua kwamba bado kuna swali moja, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakutaka kuuliza. Hakuhitaji.

"Alikuwa anasukuma baiskeli," alisema mama yule. "Alipoona taa aliisukuma pembeni, akabaki yeye barabarani. Nadhani alitaka kuiokoa baiskeli."

Sajini aliinamisha uso. Tajiri alikuwa ameliacha duara la chai, amesimama na fimbo yake kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Inspekta alitaka kutoka. Hayo si maneno ya kuyapokea mtu akiwa amebanwa kwenye kiti kama gunia kwenye toroli. Lakini tumbo lilikuwa limegota, na magoti hayakuwa na pa kwenda. Alifikiri juu ya ahadi aliyoitoa asubuhi pale barazani, ahadi ambayo mama huyu hakuishukuru. Ingetimia. Kesho Mlingoti angelala kwake, yeye na mtoto.

Akapapasa mlangoni, akabonyeza cha pili. Kiti cha mumewe kilianza kurudi nyuma taratibu, kikamwachia.